Mama hayupo, ila maneno yake yananitoka mdomoni

"Shangazi shikamoo. Mama yetu alifariki mwaka jana. Juzi mwanangu wa miaka 9 kaleta matokeo, kashika nafasi ya 11, nikajikuta namwambia 'kwani huyo wa kwanza ana vichwa viwili?' Yaani ni mama kabisa, hadi mkono kiunoni. Hilo neno lilinitesa utoto wangu wote, na mtoto kalia vilevile nilivyokuwa nalia mimi. Nikamsimulia dada yangu mkubwa, akasema mama alikuwa sahihi, mchelea mwana kulia hulia yeye, mimi ndo nawadekeza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yale maneno yake mazuri nayasahau, na hata sauti yake naanza kuipoteza. Nikiacha kusema kama yeye si ndo namzika mara ya pili? Mama Wawili."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mwaka mmoja ni juzi tu kwa aliyefiwa na mama, usikubali mtu akwambie umeshazoea.

Nianze na hicho kichwa cha pili, maana naona ndo kimekukaa kooni. Wamama wengi sana wamelisema hilo neno, na wengi walilisema kwa hofu, mtu anaogopa mwanae asije akaachwa na dunia halafu hana lugha nyingine ya kuitoa ile hofu zaidi ya hiyo aliyoisikia kwa mama yake. Mama yako nadhani alikuwa hivyo. Lakini kuelewa alikolitoa hakufanyi lisiume, wewe liliuma na mwanao limemuuma, na ninyi wawili ndo mashahidi wa kweli hapa, si mimi wala dada yako.

Dada yako nampenda bila kumwona, ila kwenye methali kateleza. Mchelea mwana kulia hulia yeye inamhusu mzazi anayeshindwa kumkataza mtoto kitu kitakachomdhuru kwa sababu anaogopa kelele zake. Mtoto anataka kisu, unamnyang'anya, analia, sawa, mwache alie. Huyu wako hakuwa anataka kitu chochote kibaya, kaja na karatasi yake mkononi anakuonyesha. Hapo palikuwa hapana cha kumkataza, palikuwa na cha kumuuliza, wapi palikushinda, tukae tuangalie. Unaweza kuwa mkali vizuri tu bila kumlinganisha na mtu.

Halafu kuna kitu watu hatukiangalii. Mama huyohuyo aliyekuwa anasema mchelea mwana kulia, siku nyingine amechoka anasema mtoto akililia wembe mpe. Hizo mbili zinapingana kabisa! Na zote alizimaanisha. Moja ya siku ana nguvu za kukuzuia, nyingine ya siku ameona husikii basi ukajifunze mwenyewe. Ndo maana nasema neno la mama ukilichukua peke yake, bila ile siku na kile kilichotokea, umebeba methali tu, mama mwenyewe umemuacha. Methali kila mtu anazo. Mama yako ni huyo aliyesema hivi akiwa amekushika mkono, akasema vile akiwa amekupa mgongo.

Na hapo ndo utaelewa kwa nini wewe na dada yako mnakumbuka mama wawili tofauti. Yeye ni mkubwa, alilelewa na mama kijana, mwenye wasiwasi, anayejifunzia kwake. Wewe ulimkuta keshalea. Hakuna anayedanganya kati yenu, kwa hiyo acheni kugombania nani alimjua mama vizuri, kila mmoja ana kipande na mwenzie hana.

Sasa hayo mazuri unayosema yanapotea. Mwanangu usikae kitandani ukajilazimisha kukumbuka, hayaji hivyo. Mama yangu alikuwa anasema "funga mlango polepole, nyumba inasikia", na miaka mingi nilikuwa sina habari nalo kabisa, hadi siku moja usiku narudi, mkono uko kwenye kitasa, likaja zima na sauti yake. Maneno ya mama yamelala kwenye kazi za mikono. Yako kwenye kukunja nguo, kumwogesha mtoto, kumfunga vifungo vya shati, pale ndo alipokuwa anayasema. Fanya hizo kazi taratibu kidogo bila simu mkononi, likija lirekodi palepale, sema na alikuwa anafanya nini, umekosa nini, una miaka mingapi. Usilipambe. Na hilo la vichwa viwili liandike pia, na machozi yake, daftari la maneno matamu peke yake halitakuwa la mama yako.

Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani, kwenye utenzi wake wa 1858 anamwambia binti yake kwamba ugonjwa umemshika mwaka mzima hajapata nafasi ya kumpa neno zuri, na hapohapo anamwambia asogee na wino na karatasi. Alijua kusema hakutoshi. Mama yako hakupata hiyo nafasi, wewe unayo.

Kuhusu sauti sina dawa, ila nikupe kinachonifariji mimi. Mwaka 1980 watafiti wawili, DeCasper na Fifer, walichapisha jaribio la watoto wachanga wa chini ya siku 3, kanyonyeo kalikuwa kameunganishwa na kanda, na kulingana na mtoto anavyonyonya inasikika sauti ya mama yake au ya mwanamke mwingine. Wale watoto wakabadilisha namna ya kunyonya ili wamsikie mama. Siku tatu tu! Sauti ya mama uliijua kabla hujajua kitu chochote, na juzi imekutoka mwenyewe bila kuiita, pamoja na ule mkono kiunoni. Haijaenda mbali.

Kwa hiyo hapana, humziki mara ya pili. Usiku wa leo kaa na huyo mtoto umwambie, lile neno la juzi bibi yako aliniambia nikiwa kama wewe, liliniuma, na mimi nimekuumiza nalo, nisamehe. Halafu mpe moja analoweza kulichukua, lolote lililobaki, hata kama ni dogo.

Na dada yako mpigie kesho. Hiyo methali iache kwanza, muulize tu mama alikuwa anamwambiaje wakati anamchana nywele.