Maswali yenu kuhusu The Incredibles na vikorombwezo vyake vya kwenye diski

Haya wadau, safari hii maswali karibu yote yameangukia kwenye muvi moja, The Incredibles, ile katuni ya Pixar iliyoongozwa na Brad Bird, ilitoka majumba ya sinema 2004 na ikaingia kwenye DVD mwezi wa tatu 2005 ikiwa na diski mbili. Kwa wale ambao hawajaiona, ni familia ya mashujaa waliokatazwa na serikali kutumia nguvu zao, wanaishi kimyakimya kama watu wa kawaida, baba, Bob (jina lake la ushujaa Mr. Incredible), ameajiriwa bima na anachukia kazi yake, mama, Helen, analea watoto watatu, Violet, Dash na mchanga Jack-Jack, halafu mambo yanaharibika. Mimi hii muvi naipenda sana na vikorombwezo vyake navipenda karibu sawa na muvi yenyewe, kwa hiyo msishangae nikirefusha maneno.

*Tumepata ile ya diski mbili. Watoto wamesikia kuna katuni fupi ya yule mtoto mchanga wanataka tuanze nayo. Ni sawa?*

Hapana mama, wazuie kabisa! Hiyo fupi inaitwa Jack-Jack Attack na ukiianza hiyo umeshaharibu mwisho wa muvi, kwa sababu muvi nzima familia inaamini kwamba mtoto mdogo ndo pekee hana nguvu yoyote, na raha ya mwisho iko hapohapo. Wacha waone muvi kwanza mpaka mwisho kabisa.

Alafu sasa ndo utamu unakuja. Kwenye muvi kuna msichana anaitwa Kari, ameachiwa mtoto wakati mama na watoto wakubwa wako safarini, na baadaye mama anasikiliza ujumbe kwenye simu Kari anapiga kelele mtoto ana mambo ya ajabu, anasema asante kwa kutuma mlezi mwingine, na mama hajatuma mlezi yeyote. Hiyo fupi ndo inaonyesha nini kilitokea mle ndani ya nyumba, mtoto anapaa, anapita kwenye ukuta, anawaka moto, na Kari wa watu anahangaika usiku kucha. Yaani ni kipande cha muvi hiyohiyo kilichokuwa kimefichwa, sio kitu cha pembeni, ndo maana nasema itazame palepale muvi ikiisha, watoto bado wanakumbuka ule ujumbe wa simu.

Ukimaliza hiyo weka Boundin', ile fupi ya kondoo aliyenyolewa manyoya akaona aibu, iliyokuwa ikionyeshwa sinema kabla ya muvi yenyewe. Aliyeitunga na anayeimba simulizi ni Bud Luckey, na sikiliza vizuri hiyo sauti maana ndiye huyohuyo Rick Dicker, yule mzee wa serikali mwenye sauti ya kuchoka anayewahamisha hamisha kina Bob, na kwenye fupi ya mtoto ndiye anayemhoji Kari. Waambie watoto wamtafute kwa sikio tu, wanapenda hiyo.

*Nimefungua scene zilizokatwa, nakuta michoro ya penseli inayorukaruka na sauti kama za watu wa ofisini. Diski yangu mbovu?*

Diski yako nzima kaka, usiirudishe dukani. Scene za katuni huwa zinakatwa kabla hazijatengenezwa, kwa sababu kutengeneza sekunde chache tu za katuni ya kompyuta ni kazi kubwa sana, hakuna anayemaliza kitu halafu akitupe. Kwa hiyo wanachora kwanza hadithi nzima, wanapanga michoro kwa mfuatano, watu wa studio wenyewe wanaweka sauti za muda, wanaitazama hivyo, isipokaa sawa inakatwa ikiwa bado mchoro. Hicho ndo unachokiona.

Na usiiskipu tafadhali, hasa ule mwanzo mbadala. Kwenye mpango wa kwanza Syndrome, adui mkuu wa muvi hii, alikuwa adui mdogo tu, anatokea mwanzoni, anavamia nyumbani kwao, anakufa, basi, na adui mkubwa wa muvi alikuwa mtu mwingine kabisa anaitwa Xerek. Baadaye wakaona huyu wa mwanzoni ana moto kuliko yule mkubwa, wakamtupa Xerek na kumpa Syndrome muvi nzima. Ukijua hilo, ukiangalia tena ile sehemu ya mwisho Syndrome anapowakuta nyumbani na mtoto mikononi, unaiona kwa jicho lingine.

Kingine, kuna rubani anaitwa Snug. Kwenye muvi iliyokamilika ni mtu wa kwenye simu tu, Helen anampigia kumuomba ndege. Kumbe kwenye michoro ya mwanzo yeye ndo alikuwa anairusha ile ndege na alikuwa anafia mle. Wakamtoa, Helen akaendesha mwenyewe na watoto nyuma, na mimi naona huo ni uamuzi bora kuliko yote waliyofanya, maana sasa anayelia kwenye redio kwamba ndani kuna watoto ni mama yao mwenyewe.

*Mwanangu ana miaka mitano. Inamfaa?*

Inategemea mtoto wako anaogopa nini. Marekani waliipa PG, maana yake mzazi awe karibu, na mimi nakubaliana nao. Nikutajie tu yenyewe uamue: mwanzoni kuna mtu anajirusha kutoka ghorofani anataka kufa, shujaa anamdaka hewani (na ndiye anayemshtaki, kesi zinaanzia hapo). Kuna ile ya makombora yanafuata ndege yenye watoto, hiyo ndo nzito kuliko zote. Kuna mifupa ya shujaa pangoni. Kuna mama anawaambia wanawe wazi kwamba hawa maadui sio wa kwenye katuni, watawaua wakipata nafasi. Na kuna mama anaanza kuhisi mume ana mwanamke mwingine, hiyo mtoto wa miaka mitano haielewi ila wa kumi anaielewa vizuri sana na anaweza akakuuliza.

Kwa wa mitano ningekaa naye kochi moja na rimoti mkononi mwako, sio kumwachia TV ukaenda kufanya mambo mengine. Wengi wanaipita vizuri tu wakiwa wamekaa na mtu.

*Mbona ina michirizi myeusi juu na chini? Nimebonyeza zoom ikajaa skrini, ni sawa?*

Rudisha ilivyokuwa mdau. Hii muvi ni pana sana, upana wake ni mara 2.39 ya kimo, wakati TV za siku hizi upana ni mara 1.78 tu, kwa hiyo ili picha yote ienee pembeni lazima juu na chini pabaki weusi. Ukizoom hujaongeza kitu chochote, umekata pembeni. Na kwenye muvi hii pembeni kuna watu! Familia ya watu watano, mara nyingi wanasimama wamejipanga skrini nzima, ukikata Dash anabaki nusu. Zima taa, dakika kumi tu utakuwa huioni tena hiyo michirizi.

*Maongezi hayasikiki, milipuko inapasua masikio. Nifanye nini?*

Hiyo ni kwa sababu deki inatoa sauti ya spika sita na wewe una mbili za TV. Maongezi yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Ingia kwenye seting za sauti za deki au TV uchague stereo, na kama kuna kitu cha usiku kinachopunguza kelele kubwa kiwashe. Ukiweza kuunganisha hata spika ndogo za nje fanya hivyo maana muziki wa hii muvi unastahili, ni Michael Giacchino, muvi yake kubwa ya kwanza ya sinema, yale matarumbeta ya kijasusi ya zamani. Na hii muvi ilichukua Oscar mbili, ya katuni bora na ya uhariri wa sauti, kwa hiyo ukiisikiliza kwa spika za kukoroma unakosa nusu.

*Commentary ni nini hasa na nani anakaa kusikiliza watu wanaongea juu ya muvi?*

Mimi hapa! Commentary ni sauti nyingine imewekwa juu ya muvi ileile, unaitazama huku walioitengeneza wanaongea. Kwenye hii kuna mbili, moja Brad Bird na prodyuza John Walker, nyingine ya wachoraji wenyewe wanaopokezana.

Mbinu yangu ni hii: washa na maandishi ya chini. Masikio yanasikiliza wao, macho yanasoma maongezi ya muvi, hupotei. Na sio lazima ukae dakika zote 115, chagua sehemu moja unayoipenda, isikilize hiyo tu, kesho nyingine.

Mkiulizana ipi kati ya hizo mbili, mimi nawapa wachoraji. Dairekta anaongelea hadithi na anaongea vizuri, sikatai, ila wachoraji wanakuonyesha vitu ambavyo usingeviona maisha yako yote. Hii ndo muvi ya kwanza ya Pixar ambayo wahusika wote wakuu ni binadamu, kabla yake ilikuwa midoli, wadudu, mazimwi na samaki, na binadamu ni mgumu kwa sababu sote tunajua binadamu anatembeaje. Nguo inakunjika, misuli inasogea chini ya ngozi, na nywele ndefu za Violet ziliwatesa kupita maelezo, kwa sababu nywele ndefu zinaangukia uso na mabega, na zikilowa ni shida nyingine tena. Na Violet hawangeweza kumnyoa wakapunguza kazi, kwa sababu yule binti anajificha nyuma ya zile nywele, ndo tabia yake. Ukishajua hilo, ile siku anaziweka nyuma ya sikio unaelewa kwa nini.

Hapohapo nijibu na aliyeuliza kuhusu nguvu zao kama zimepangwa. Ndiyo, zimepangwa na Bird amelisema mwenyewe: baba anategemewa awe na nguvu, mama anavutwa huku na huku kwa hiyo ananyumbuka, binti wa umri ule anataka asionekane, mvulana hatulii kwa hiyo ana mbio, na mtoto mchanga bado hajulikani atakuwa nani. Na Edna, yule fundi nguo mdogo mkali, sauti ni ya Brad Bird huyohuyo.

*Kwenye diski ya pili ukiacha fupi, kipi cha kutokukosa?*

Mafaili ya mashujaa. Watu wanayapita kwa sababu yanaonekana kama maandishi matupu. Unakumbuka Bob anapoingia kwenye kompyuta ya Syndrome anaona mashujaa wenzake mmoja mmoja wamefutwa? Basi diski ina mafaili ya serikali ya watu hao, nguvu zao, udhaifu wao, na sauti zao wakiongea. Wengi wao kwenye muvi ni picha ya sekunde moja. Ukishawasikia wanaongea halafu ukarudi kwenye ile scene ya kompyuta inauma kweli.

Na Mr. Incredible and Pals, katuni ya kujifanya ni ya zamani ya bei rahisi, picha hazitembei ila midomo tu, midomo ya watu halisi imebandikwa. Itazame mara moja kawaida, alafu irudie na commentary, maana wanaoongea ni Mr. Incredible na rafiki yake Frozone, shujaa mweusi wa barafu, wenyewe ndo wanaiona kwa mara ya kwanza, na Frozone anagundua wamemchora mweupe. Samuel L. Jackson, sauti ya Frozone, pale ameua.

*DVD, Blu-ray au 4K?*

Kama TV yako ni ndogo DVD inatosha. TV kubwa, chukua Blu-ray, ilitoka 2011 na tofauti inaonekana hasa kwenye nguo na msitu wa kile kisiwa. Ila angalia namba ya eneo (region code) kwenye kasha kabla hujalipa, DVD na Blu-ray nyingi zinafungwa kwa maeneo na deki ya eneo lingine inazikataa, 4K zenyewe hazina shida hiyo. Na kabla ya kuitupa DVD yako ya zamani linganisha orodha ya vikorombwezo, usipoteze ulichokuwa nacho.

*Tuna na ya pili. Tuzitazame siku moja?*

Inavutia, kwa sababu Incredibles 2 inaanza palepale ya kwanza ilipoishia, yule adui Underminer anatoka ardhini, ingawa ilitoka 2018, miaka 14 baadaye. Ila zote mbili ni karibu saa nne, kwa watoto ni nyingi, mimi ningezigawa siku mbili na siku ya kwanza ningemalizia na vile vifupi. Msishtuke Dash ana sauti tofauti, Spencer Fox alishakuwa mtu mzima wakaweka mtoto mwingine. Diski ya hiyo ina Auntie Edna, usiku ule Edna anabaki na mtoto, ni ndugu kabisa wa ile ya Kari, nayo pia muiweke baada ya muvi.

Jambo moja tu kwenye ya pili mlizingatie: kuna sehemu za adui Screenslaver zenye mwanga unaowaka na kuzima haraka sana, ilipotoka kumbi za sinema zilibandika tahadhari. Kama nyumbani kuna mwenye kifafa au anayesumbuliwa na mwanga wa hivyo, mzazi itazame kwanza peke yako ujue zinaanzia wapi, na mkitazama wote zirukeni kwa rimoti, kwa sababu kupunguza mwanga wa TV pekee hakutoshi.