Nampongeza, lakini roho inaniuma

SWALI: Rafiki yangu amepandishwa cheo. Nafurahi, lakini roho inaniuma. Hasira huwa naielewa. Mbona hili silielewi?

JIBU: Hasira ni hisia sahili. Mwanasaikolojia Paul Ekman aliiweka kati ya sita za msingi, pamoja na woga, huzuni, furaha, kinyaa na mshangao. Huja upesi, na uso huisema. Hili la kwako ni wivu, nao ni mchanganyiko wa hisia: lazima kwanza ujipime na mwenzio.

Chukua karatasi, uandike mistari mitatu: nahuzunikia nini, nakasirikia nini, naogopa nini. “Najisikia vibaya” haitoshi. Wengi hushika hasira peke yake, maana ndiyo yenye kelele, wakaanza kumtoa rafiki kasoro. Mara nyingi mzito ni mstari wa woga: “Nitaachwa nyuma.” Huo ndio wa kushughulikia. Na furaha yako? Si unafiki, furaha na wivu hukaa pamoja.