Maswali na majibu: Anacheza tu, au gemu imemteka?

Tangu shule zifungwe, ujumbe ninaopokea ni wa gemu tupu. Nimechagua maswali sita, nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Mwanangu ana miaka 14. Anacheza Free Fire saa nne kwa siku, na likizo hii hata tano. Baba yake anasema mtoto ameshakuwa mraibu. Ni kweli? – Mama, Tabata

Kwa saa peke yake, mama, huwezi kujua. Mtoto aliyefunga shule na hana duka la kukaa wala mdogo wa kumlea anaweza kucheza saa tano, na jioni akala na wenzake, akapiga stori, akaoga akiambiwa mara ya pili. Huyo anacheza sana. Mpunguzie, lakini usimwite mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Maelezo yake hayaweki kiwango cha saa. Yanauliza mambo matatu. Je, anashindwa kujizuia, kuanzia aanze lini hadi aache saa ngapi? Je, gemu imepanda juu ya kila kitu, hata vile alivyokuwa akivipenda? Je, anaendelea ingawa madhara anayaona? Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na iwe imevuruga jambo la maana, kama shule, familia au afya. Dalili zikiwepo zote na zikiwa kali, daktari hasubiri mwaka uishe.

Kwa hiyo badala ya kuhesabu saa, hesabu alivyoviacha. Kama alikuwa anaenda uwanjani jioni, bado anaenda? Yule rafiki aliyekuwa akija kumwita getini, bado anakuja? Chakula anakula na wenzake, au sahani inakutwa usiku wa manane, ugali umekauka kando ya chaja? Usingizi nao uangalie, kwa sababu kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Halafu ngoja shule zifunguliwe. Wiki mbili za mwanzo wa muhula zitakuambia mengi kuliko likizo nzima. Anayecheza tu atanung'unika, kisha ataingia kwenye ratiba. Aliyetekwa atatafuta upenyo: simu ya shangazi, simu ya mlinzi, kibanda cha PlayStation (PS) njia ya shuleni, tumbo linalouma kila Jumatatu.

Na hapa wazazi wengi wanajichosha bure: hasira ya mtoto aliyeitwa katikati ya mechi haihesabiki kuwa dalili. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi, na akiiacha, wenzake wa skwadi, yaani timu yake, wanabaki pungufu. Mechi ya Free Fire haichukui muda mrefu. Mwambie, "Hiyo ikiisha, njoo." Wasiwasi uanze pale "hiyo" inapokuwa ya tano.

Niko chuo, mwaka wa pili. Nimefuta gemu ya PUBG kwa simu mara kadhaa na kila mara nairudisha usiku huohuo. Nimekosa CAT mbili (mitihani ya kati ya muhula), nyumbani nikasema nilikuwa mgonjwa. Nina shida ama ni uvivu tu? – Mwanafunzi, Eldoret

Mvivu hahangaiki hivyo, mdogo wangu. Hafuti kitu saa nne usiku na kukirudisha saa nane.

Chama cha madaktari wa akili cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, kiliutaja uraibu wa gemu za mtandaoni kuwa jambo la kufanyiwa utafiti zaidi, na kikaorodhesha dalili tisa. Mtu akiwa na tano ndani ya mwaka mmoja, na maisha yake yakawa yamevurugika, hana budi kuangaliwa. Wewe umenitajia tatu bila kuulizwa: umejaribu kuacha ukashindwa, umewadanganya watu wa nyumbani, na umehatarisha masomo. Sita zilizobaki jipime mwenyewe. Unaiwaza gemu hata ukiwa darasani? Ukiikosa unakuwa mkali au unakosa raha? Unahitaji muda mrefu zaidi ili upate utamu uleule? Mambo mengine yamekuchosha? Unaendelea huku ukijua inakuumiza? Unacheza ili kukimbia mawazo?

Hilo la mwisho likalie kitako. Chini ya gemu mara nyingi pana kitu kingine: upweke, karo isiyofika, kozi uliyochaguliwa na wazazi, huzuni ambayo hujampa mtu yeyote habari zake. PUBG inakupa nafasi ya kushinda kila nusu saa. Chuo kinakupa matokeo mwisho wa muhula, tena si ya kushangilia. Usiposhughulikia kilicho chini, utaacha PUBG na kuhamia nyingine.

Kufuta programu hakusaidii sana, kwa sababu akaunti inabaki kwenye seva na levo zako zote zinakungoja. Mpe rafiki unayemwamini akaunti, abadilishe nenosiri na asikuambie. Usiku simu ilale chumbani kwake. Kisha nenda kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni, na kabla ya mtihani wa mwisho mwone mhadhiri umweleze ukweli kuhusu zile CAT. Wahadhiri wameshasikia malaria nyingi. Ukweli hawausikii sana.

Mume wangu ana miaka 34. Akitoka kazini anapitia kibandani kucheza mpira wa PS mpaka saa sita usiku. Watu wazima nao wanapata ugonjwa huu? – Mke, Tanga

Wanapata, dada. Maelezo ya ugonjwa hayana umri. Ila kwanza chunguza kama kuna pesa mezani. Vibanda vingi aliyefungwa ndiye anayelipia mechi, na hilo si neno. Lakini wapo wanaowekeana dau kila mechi, na pembeni kuna mkeka wa kubeti. Hiyo ni kamari, ina matibabu yake, na mshahara inaumaliza haraka kuliko gemu.

Kama hakuna dau na matumizi ya nyumbani yanafika, huenda hicho ni kijiwe chake tu, kama bao lilivyokuwa kwa wazee. Mwangalie siku umeme umekatika mtaa mzima. Akirudi mapema na kukaa na watoto kwa amani, mna mazungumzo ya mume na mke tu. Akizunguka mitaa ya mbali kutafuta kibanda chenye jenereta, hapo tena kuna shida.

Mwanangu wa miaka 12 ametoa pesa kwenye simu yangu, karibu laki na nusu, kununua almasi za gemu. Nimpeleke polisi au hospitali? – Baba, Mwanza

Bado kote kuwili. Badilisha namba ya siri ya simu leo, na hakikisha hasimami nyuma yako ukiibonyeza. Ingia Play Store uweke sharti la nenosiri kwa kila manunuzi. Halafu kaa naye, akuonyeshe alichonunua.

Nasema akuonyeshe kwa sababu wazazi wengi hawajui wanachopambana nacho. Gemu yenyewe ni ya bure. Kampuni inakula kwa kuuza vitu ndani yake, na huuza kwa sarafu ya kwao: Free Fire ina almasi, PUBG ina UC, eFootball ina sarafu zake. Laki na nusu ikishageuka almasi, mtoto haoni tena shilingi. Haoni ada wala mchele. Anaona namba inayopungua pembeni ya kioo. Kuna nguo za mhusika, kuna rangi za bunduki, kuna msimu unaofungwa baada ya wiki chache, kuna ofa yenye saa inayorudi nyuma kumwambia bado dakika arobaini. Kuna zawadi ndogo ya kila siku, ili asikose kuingia hata siku moja.

Kibaya zaidi ni sanduku la bahati. Unalipia bila kujua kilichomo. Mara nyingi kinatoka kitu cha ovyo, mara moja moja kinatoka kile adimu ambacho darasa zima litakizungumzia. Kwa kuwa hajui kitatoka lini, anafungua jingine. Mashine za kamari zinafanya kazi kwa mtindo huohuo, na ndiyo maana mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya kulipia yanaangukia chini ya sheria ya kamari ya nchi hiyo. Watu wazima wenye familia wamenasa humo, sembuse mtoto wa darasa la sita.

Sasa, dalili. Kuiba mara moja kunaonyesha mtoto aliyeiona namba ya siri na hakuelewa uzito wa pesa. Unapaswa kushtuka akirudia baada ya kukamatwa, akikopa kwa wenzake, akiuza daftari au viatu vya shule, au nauli yake ikawa inapotea kila wiki na anatembea kwa miguu. Fimbo itamfundisha kuficha vizuri zaidi. Mpunguzie posho kidogo kidogo mpaka deni lipungue, na kila anapolipa mwonyeshe laki na nusu ingenunua nini hapo nyumbani.

Nimemnyang'anya kijana wangu wa miaka 16 PlayStation, sasa ni wiki. Hali chakula vizuri, usingizi hapati, anamjibu mama yake vibaya. Nimrudishie? – Baba, Muscat

Usiirudishe kwa mtindo wa zamani, wala usiivunje. Ukali na kukosa raha baada ya kunyimwa ni miongoni mwa zile dalili tisa, na kwa wengi hutulia. Ila akijifungia kabisa, akaacha kula, au akatamka kwamba ni afadhali asiwepo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Kunyang'anya tu kumewashinda hata wenye mamlaka makubwa. Korea Kusini mwaka 2011 ilianza kuwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa utambulisho wa wazazi wao, na baada ya takriban miaka kumi sheria ikafutwa. China mwaka 2021 iliwapa walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu, na huko nako akaunti za watu wazima zikatafutwa.

Mrudishie kwa mapatano. Mashine ikae sebuleni, isirudi chumbani. Siku na saa ya kufunga mzitaje pamoja, na yeye aseme ni ipi anayoiweza. Zile saa nyingine zipe kazi, la sivyo zitajijaza zenyewe. Najua joto la Muscat la mwezi wa saba. Huwezi kumwambia akacheze nje saa tisa mchana. Kuna kuogelea, kuna matembezi ya pwani usiku, kuna kukusindikiza wewe sokoni hata kama ananuna njia nzima. Ukali ukiendelea kwa wiki kadhaa bila kupungua, mtafute mwanasaikolojia, kwa sababu huenda gemu ilikuwa inaficha jambo lililoanza kabla yake.

Mama mkwe anasema mjukuu wake amerogwa, eti haiwezekani mtoto acheke na simu usiku kucha. Anataka tumpeleke kwa mganga. – Mama, Kigoma

Anacheka na wenzake wa skwadi, wako hewani. Mvalishe mama mkwe spika za masikioni dakika mbili, heshima yake ikiwa palepale, asikie vijana wanavyoitana.

Dua na maombi fanyeni, hayagombani na daktari. Kwa mganga msipeleke pesa. Anzeni hospitali ya mkoa au kwa afisa ustawi wa jamii. Kwa Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, na wasomaji wa Nairobi wana Mathari. Kwa Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki moja amelala saa ngapi, amekosa shule siku zipi na amekula nini, maana daktari atauliza hayo. Na ukifika dirishani sema umeleta mtoto kwa ajili ya afya ya akili. Ukisema anaumwa kichwa, mtapewa panadol na kurudishwa nyumbani.