Muulize Fundi: Farasi 200 Kwanza, 250 Baadaye

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua Golf GTI ya mwaka 2006 iliyokwisha kutumika, injini lita 2 yenye turbo, gia za mkono, kilomita 168,000. Wenzangu wanasema nikibadilisha programu ya kompyuta ya injini nitatoka nguvu za farasi 200 hadi 250 kwa mchana mmoja. Aliyeniuzia hana kumbukumbu yoyote ya sevisi. Nianzie wapi?

FUNDI: Marahaba. Wenzako hawakudanganyi. Injini hiyo ilitoka kiwandani na farasi 200, na programu peke yake inaweza kuifikisha karibu 240 au 250, kwa kuwa turbo inaruhusiwa kusukuma hewa zaidi na petroli inaongezwa kuifuata hewa hiyo. Hakuna hata bolti inayofunguliwa. Ndiyo maana inatamanisha, na ndiyo maana naletewa magari yaliyofanyiwa hivyo juzi tu, yakikohoa.

Lakini hizo 200 za mwanzo una hakika bado unazo?

Anza na pampu ya petroli ya presha kubwa. Inasukumwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, na katikati yao kuna kikombe kidogo cha chuma, cha kupotea kiganjani, chenye weusi uliopakwa juu. Fungua pampu, kitoe, kitazame kwenye mwanga. Weusi ukiwa mzima, kirudishe. Ukiwa umefutika na chuma kinang'aa, weka kipya siku hiyo hiyo, maana ni kifaa cha bei ndogo. Kikiwa kimetoboka, keti kwanza: pini ya pampu imekuwa ikisugua kamshafti yenyewe, na habari ya farasi itasubiri sana. Nguvu zikiongezwa juu ya kikombe kilicholika, unaharakisha tu siku ya kutoboka.

La pili ni masizi. Injini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kamwe juu ya valvu za kuingizia hewa kuziosha. Mvuke wa oili unagandia pale mwaka baada ya mwaka. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko, hata chupa iseme nini. Husafishwa kwa kutoa manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, na kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Kazi chafu, lakini wengine wakishafanyiwa hudhani nimewabadilishia injini.

Kisha tazama valvu ya kuachia presha ya turbo. Za miaka ile zina ngozi ya mpira ndani, nayo huchanika. Turbo inapuliza, hewa inatoroka. Weka plagi mpya, pima koili zinazozipa umeme. Taimingi beti, mkanda unaozungusha kamshafti, kwa gari lisilo na kumbukumbu, badilisha pamoja na pampu ya maji. Hapo sijadiliani na mtu.

Sasa breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika ni 155 tu. Ukishuka mlima kwa kasi na mafuta ya zamani, pedali itazama hadi sakafuni na gari halisimami. Yabadilishe kila miaka miwili. Na tairi za mbele ziwe nzuri kuliko unavyodhani zinahitajika: Golf yako inavutwa na magurudumu ya mbele, na ukikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Farasi 50 za ziada zitaishia kwenye tairi zinazozunguka bure na usukani unaokunyang'anya mikono.

Ukimaliza hayo, nenda kaweke programu, sina kinyongo nayo. Mwambie anayekuwekea oktani, yaani kipimo cha petroli kuhimili kugonga, ya petroli unayotia kila siku, si ile uliyotia mara moja ukafurahi. Oktani ikiwa ndogo injini inagonga, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kujiokoa, na nguvu ulizolipia zinayeyuka. Klachi ya zamani nayo itakuambia yenyewe: mshale wa mizunguko unapanda, mwendo haupandi.

SWALI: Nina Swift Sport ya lita 1.6 isiyo na turbo. Nimefunga ekzosi nene na eya klina ya wazi. Sauti ni ya simba, ila kupanda mlima imekuwa mvivu kuliko zamani. Kwa nini?

FUNDI: Kwa sababu umenunua sauti. Bomba likiwa pana mno, moshi unapoteza kasi injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, na hapo ndipo unapopandia mlima. Eya klina ya wazi nayo inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo. Rudisha boksi la kiwandani. Hiyo ekzosi ukiipenda sana kaa nayo, lakini usiseme ni ya mwendo. Gari lenyewe ni jepesi, linazidi tani moja kidogo tu. Raha yake iko kwenye kona, basi pesa iliyobaki peleka kwenye tairi na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

SWALI: Fundi, kukata springi ili gari lishuke kuna ubaya gani?

FUNDI: Nilikata za gari langu la kwanza, mzunguko mmoja na nusu, kwa grainda. Lilipendeza siku tatu. Siku ya nne nilipita tuta, gurudumu likaning'inia, springi ikawa fupi kuliko nafasi yake na ikatoka kwenye kikalio. Nilirudi nyumbani taratibu, tairi ikila fenda njia nzima. Nunua springi fupi zilizotengenezwa ziwe fupi, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Zile zangu bado zipo. Moja huzuia mlango wa gereji upepo ukivuma.