Wimbo wa besidei, imbeni tu

Dada, umeuliza kama kuweka mtandaoni video ya mwanao akiimbiwa "Happy Birthday" hapo Kisauni kutakuletea deni. Hapana, iweke. Muziki wake ulichapishwa Marekani mwaka 1893, wimbo wa kusalimia watoto wa chekechea asubuhi, kazi ya ndugu wawili, Mildred na Patty Hill. Maneno ya besidei yalikuja baadaye. Kampuni ya Warner/Chappell ikawa inawatoza wanaoutia kwenye filamu. Mtengenezaji filamu mmoja alilipa dola 1,500, kisha akaenda mahakamani. Mwaka 2015 jaji akaamua kampuni haikuwa na haki halali juu ya maneno yale, na mwaka uliofuata yakafikiwa mapatano ya hadi dola milioni 14. Huniuma kuona watu walilipishwa miaka yote hiyo.

Ila chunga jambo moja. Pale bibi yake anapoanzisha wimbo, watoto wakapiga makofi na malai ya keki yanayeyuka kwa joto, sauti ni zenu. Lakini wimbo wa spika mwishoni ni rekodi ya msanii, na rekodi ina haki zake. Kata kipande hicho, cha bibi kibakie.