Cinque Terre bila kufilisika: laleni Levanto au Bonassola, na ulizeni ngazi kabla ya bei

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mnaishi München, mnataka siku nne tano Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Italia, mwezi wa nane: wewe, mzee wa nyumbani, watoto wawili, na mama mkwe anayekuja kutoka Mombasa. Kila chumba mnachokiona Vernazza, kimoja cha vijiji hivyo, kinaanzia euro 200 kwa usiku, na unauliza kama mjikaze mlipe au muachane nayo. Mimi niko Parma, huku huku Italia, mwaka wa kumi sasa, na pwani ile ndiyo tunayokimbilia watu wa huku joto likizidi. Ngoja nikujibu kwa kirefu, maana nilikosea kabla sijapatia, na aliyelilipia kosa lile kwa magoti yake ni mama yangu mzazi.

Alikuja kutoka Tanga mwaka 2018. Nilitaka aione Italia ile ya kwenye kalenda, nikachukua chumba Vernazza. Tangazo lilisema vista mare, yaani bahari inaonekana, na dakika tatu kutoka stesheni. Yote yalikuwa kweli. Ambalo hawakusema ni kwamba dakika tatu zile ni za kijana, tena asiye na begi. Unatoka barabara kuu ya kijiji, unaingia kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, halafu ngazi zinaanza. Za mawe, zimelika katikati, hakuna mbili zenye kimo kimoja. Nilizihesabu baadaye: 84 mpaka mlangoni, kisha nyingine za ndani mpaka terzo piano, yaani ghorofa ya tatu. Kufika kama ya arobaini mama alikaa chini, akashika chuma cha ukutani, akaniambia, "Mwanangu, niache hapa kidogo, tangulia na mizigo." Siku tatu tulizokaa alishuka mara moja moja kwa siku. Mtu wa pwani, amesafiri kote huko, akaitazama bahari kutoka dirishani. Sitalisahau.

Mwenye chumba hakutudanganya. Vijiji vyenyewe ndivyo vilivyo. Vitano vyote, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, vimebanwa kati ya mlima na maji, nyumba imepanda juu ya nyumba, na nyuma yake ni mashamba ya mizabibu yaliyokatwa mlimani na kushikiliwa kwa kuta za mawe. Eneo lote liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1997, na ni hifadhi ya taifa tangu 1999, kwa hiyo hakuna wa kuja kuinua hoteli mpya ya ghorofa nane pale. Vyumba ni vichache na wanaovitaka ni wengi kupita kiasi, ndiyo maana bei iko hapo ilipo. Lifti ni bahati. Corniglia ndicho kimetulia zaidi, lakini kiko juu ya mwamba, hakina bandari, na kutoka stesheni ni ngazi zaidi ya 370, au usubiri basi dogo. Monterosso, upande unaoitwa Fegina, ndiyo penye tambarare na ufuo wa maana, na wenye hoteli zake wanajua hivyo wanapopanga bei.

Sasa sikiliza. Vijiji hivi vimeungwa na reli moja, ile ya Genova hadi La Spezia. Ukitoka Monterosso kuelekea Genova, kituo kinachofuata ni Levanto, dakika tano hivi kwa treni. Kinachofuata baada ya Levanto ni Bonassola. Hizo dakika chache ndizo zinazobadilisha bei, na zaidi ya bei, zinabadilisha ardhi: Levanto na Bonassola zimekaa kwenye vibonde vinavyofungukia baharini, kwa hiyo mtu mzima anatembea kutoka kitandani hadi kwenye maji bila kupanda kitu.

Mama aliporudi 2023 nilichukua Bonassola, mwanzoni mwa Septemba. Nyumba ndogo ya vyumba viwili yenye jiko, ghorofa ya kwanza, ngazi 16, euro 95 kwa usiku kwa watu wanne. Siku ya kwanza tu alikuwa ameshatoka peke yake alfajiri na kanga yake mabegani, nikamkuta amekaa ufuoni kwenye kokoto. Akaniuliza, "Mbona bahari yenu hii haipwi?" Alikuwa amekaa muda anasubiri maji yaondoke. Nilikuwa nimeishi huku miaka sijawahi kulifikiria hilo. Bahari ya kule inapanda na kushuka kidogo sana, huwezi kuiona kwa macho, si kama Tanga ambako maji yakipwa unatembea mbali kabisa kufuata ngalawa. Mkwe wako wa Mombasa atakuuliza hilo hilo, jiandae. Uzuri wake ni kwamba saa yoyote mkishuka, maji yako palepale.

Kutoka Bonassola kwenda Levanto kuna njia ya miguu na baiskeli ndani ya mahandaki ya reli ya zamani. Reli ilipohamishiwa ndani zaidi ya mlima, mahandaki yalibaki, yakawekwa taa na sakafu. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, tambarare mwanzo mwisho. Ndani kuna ubaridi mtamu hata jua la saa sita likiwaka nje, kisha ghafla ukuta unafunguka, unaona mwamba na maji ya kijani chini yako, halafu giza tena. Watoto wako watataka kuirudia kila siku. Hata kigari cha mtoto kinapita.

Nakutajia njia hiyo pia kwa sababu ya nauli. Kadi ya siku ya hifadhi yenye treni, Cinque Terre Card, inahesabu treni kati ya Levanto na La Spezia; Bonassola haimo. Sisi tulikuwa tunatembea hadi Levanto asubuhi, tunapanda pale. Na usidharau nauli: siku za msongamano tiketi moja ya mtu mzima kwenye treni za vijiji hufika euro 10, hata kama unakwenda kituo kimoja. Watu wazima watatu kwenda na kurudi ni euro 60. Ndiyo maana nawashauri mtenge siku mbili tu za kuzunguka vijiji, mtumie kadi, siku zilizobaki mkae ufuoni kwenu. Mkilala Levanto, angalieni ramani vizuri, stesheni iko ndani kidogo, mwendo wa kama robo saa hadi ufuoni. La Spezia ni nafuu pia, lakini ni mji wa bandari na jeshi la majini. Watoto hawatapata pa kuogelea mlangoni.

Kuhusu aina ya malazi: tafuta affittacamere, ambayo ni vyumba vya kupangisha kwa mtu binafsi, au nyumba yenye angolo cottura, yaani pembe ya jiko. Kwa familia yenu ningechukua jiko bila kuuliza mara mbili. Sisi nyama ya halali hatukuipata kijijini, tukala samaki. Asubuhi dukani kulikuwa na acciughe, samaki wadogo wanaosifika sana pwani ile, Monterosso hasa. Mama aliziangalia akasema hizi ni dagaa wakubwa tu, akazitoa vichwa kwa kidole gumba, chumvi, limau, mafuta ya moto. Tulikula na focaccia ya duka la mkate, watu wanne, kwa pesa isiyotosha sahani moja ya mgahawani. Tukafungua madirisha yote kwa heshima ya jirani.

Ukisoma matangazo, bagno esterno ni choo chako lakini kiko nje ya chumba, na bagno in comune mnachangia na wengine. Kwa mama mkwe anayeamka usiku au alfajiri kutawadha, hiyo ni tofauti kubwa. Piano terra ni chini kabisa na haihesabiwi, kwa hiyo secondo piano mnapanda ngazi za mapandio mawili. Usiulize "ni mbali?", kila mtu atakwambia ni karibu. Mwandikie mwenye nyumba hivi, nakili tu: "Quanti scalini ci sono dalla strada alla porta di casa? C'è l'ascensore?" Ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni, na kama kuna lifti. Anayejibu kwa namba, mwamini. Anayejibu "chache" bila namba, mimi huwa naachana naye.

Juu ya bei ya tangazo ongeza kodi ya mgeni, tassa di soggiorno, euro mbili tatu kwa kila mtu mzima kwa usiku kutegemea kijiji, mara nyingi hulipwa taslimu mkifika. Ada ya usafi nayo huwekwa mwishoni mwa ukurasa, na kwa siku nne inaweza kufuta nafuu yote, kwa hiyo linganisha jumla ya mwisho. Tangu 2025 kila malazi ya muda mfupi Italia lazima yaonyeshe namba ya usajili, CIN, inayoanza na IT. Tangazo lisilo nayo, pita. Mtanzania mwenzetu mmoja hapa alituma malipo ya awali ya nyumba ya Levanto moja kwa moja benki, nje ya mtandao wa kuhifadhi nafasi, alipofika hakukuta nyumba. Usitume pesa pembeni hata ukiahidiwa punguzo.

Na hili la tarehe ndilo lenye pesa nyingi zaidi. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu kubwa, Italia nzima iko ufuoni wiki hizo, na nyumba nyingi hazipangishwi chini ya wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Lakini ninyi mko Bavaria, jimbo la München. Likizo ya shule kwenu inaendelea hadi katikati ya Septemba, wakati Waitaliano wengi wamesharudi kazini. Siku kumi za kwanza za Septemba maji bado yana joto la kiangazi chote. Ingieni Jumapili, tokeni Alhamisi. Msisogeze hadi mwisho wa Oktoba kwa kufuata unafuu. Mvua za vuli pale ni kali, na tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko na matope yaliziharibu vibaya Vernazza na Monterosso.

Kwa visa ya mama mkwe, chukueni malazi yanayoruhusu kughairi bila kukatwa mpaka siku chache kabla, karatasi ya malazi hayo mnaiambatisha kwenye maombi ya visa, na jina la mama mkwe liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwenyeji ataomba pasipoti zenu wote mkifika. Ni sheria, ana saa 24 kuwaandikisha polisi, msishtuke.

Ukishapata matangazo mawili matatu ya Levanto au Bonassola, yaweke hapa na majibu ya ngazi waliyokupa. Nitayasoma Kiitaliano chake neno kwa neno nikwambie kilichojificha.