Muulizeni mzee anainuka mara ngapi kwa siku

Wiki hii mmeuliza: "Mzee akihamia makao ya wazee, afya na nguvu za mwili wake hupanda au hushuka?" Mimi msomaji wa Moshi nasema kinachommaliza mzee ni kufanyiwa kila kitu, na hilo hutokea makaoni na nyumbani vilevile.

Huku kwetu ukitaja makao, watu wanawaza Njoro, makao ya wazee ya hapa Moshi, kwa wasiojiweza na wasio na ndugu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe ilitaka familia imtunze mzee, makao yawe njia ya mwisho. Basi anayefika huko mara nyingi amefika akiwa ameshachoka. Si haki kumlinganisha na babu wa Kibosho anayeingia kihambani, shamba lake la migomba, kila asubuhi kukatia mbuzi majani.

Ila misuli ya uzeeni haisubiri. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10: nyama ya miguu ilipungua karibu kilo moja. Na hao hawakuwa wagonjwa!

Sasa chukua mlezi mmoja mwenye wazee wengi. Babu anaweza kufika chooni akishikwa mkono, lakini anakwenda polepole na wenzake wanasubiri. Anavalishwa pampasi, kazi imeisha. Baada ya muda haombi tena kuinuka. Anakunywa maji kidogo asisumbue watu, choo kinakuwa kigumu, magoti yanakaza, akisimama kizunguzungu. Akianguka mara moja anakatazwa kutembea, na hapo ndipo miguu inapozidi kulegea.

Na nyumbani je? Baba yangu mkubwa alichukuliwa na wanawe, akapelekwa Arusha: nyumba nzuri, marumaru kila mahali, dada wa kazi mwenye adabu zake. "Babu, kaa tu, nakuletea." Aliyekuwa akipalilia migomba akawa mtu wa kuinuliwa kwenye sofa. (Sofa zenyewe zile za kuzama, hata mimi nikikaa natafuta pa kushika.) Hakunyimwa kitu, isipokuwa kazi.

Upande wa pili kuna habari ya Boston, Marekani, mwaka 1990. Wakazi wa makao ya wazee, umri miaka 86 hadi 96, walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8 chini ya usimamizi. Nguvu za miguu kwa wastani ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Wale walikuwa makaoni, na walipata ratiba na msimamizi, mambo ambayo sofa ya Arusha haina. Chakula nacho kinahesabika: uji mtupu haujengi msuli, mtori, supu yetu ya ndizi, sawa, mradi nyama iwemo.

Mkienda kukagua makao, rangi ya ukuta iacheni. Fikeni saa nne asubuhi bila taarifa, muone wangapi wamevaa viatu. Ulizeni nani anawapeleka chooni usiku, kama bafuni kuna vishikio, kama bibi anayetaka kuchambua maharage anaruhusiwa. Na mkikuta ukumbi mzima umetulia, ulizeni wanapewa dawa gani, maana dawa za usingizi na za kutuliza huwaangusha wazee.